Lipa Bando Kwanza, Hamasa Itafuata

Timu ninayoisimamia inatafsiri na kuhariri nyaraka, na watu wake wako Dar es Salaam, Mwanza, Kigali na Muscat. Nikiulizwa nawapaje moyo watu nisioonana nao, huwa naanza na bando.

Anayefanya kazi ofisini halipii umeme wala intaneti ya kampuni. Wa nyumbani analipia vyote mfukoni mwake, halafu unamtaka awashe kamera kikao kizima. Akiizima unadhani hajitumi, kumbe anabana MB. Bando liwe kwenye bajeti pamoja na kodi ya pango, na litumwe mwanzo wa mwezi bila kuombwa. Mtu mzima kumwomba bosi vocha kila wiki ni kujidhalilisha, na baada ya hapo hata ukimtangaza mfanyakazi bora, atacheka tu.

Saa nazo zina vituko vyake. Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja, Muscat iko mbele kwa saa moja. Ukiandika “kikao saa 3” bila maelezo, kuna atakayeingia asubuhi na kuna atakayefuata saa ya simu yake aje alasiri. Sisi huandika “saa 3 asubuhi ya Dar, yaani 09:00”. Na kwa kuwa Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, vikao vyetu haviwekwi Ijumaa, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Waliokuwa na maelekezo ya kazi kwa maandishi waliendelea. Waliozoea kusubiri simu ya video walikaa. Kwa hiyo andika: nani anafanya nini, lini, na akikwama amuulize nani. Ujumbe wa sauti wa dakika saba si maelekezo, jamani, ni hotuba.

Usimpime mtu kwa kitaa cha kijani kinachoonyesha yuko hewani. Kuna wanaokiwasha na kwenda kupika. Uliza kazi imefika wapi, basi.

Sifa zitolewe kwenye kundi. Makosa mpigie mhusika mwenyewe.

Jambo ambalo viongozi wengi hulisahau ni misiba. Ofisini mtu akifiwa, karatasi ya michango hupita meza kwa meza na gari la kwenda msibani hupatikana. Wa mbali huambulia “pole sana” na vikatuni vya mikono iliyokunjwa. Mteue mtu mmoja wa kusimamia hilo. Rambirambi ziende kwa simu siku hiyohiyo, wewe mwenyewe umpigie mfiwa, na kazi zake apewe mwenzake kabla hajalazimika kuomba ruhusa.