Tulidhani ni saratani ya ubongo, majibu yakasema fangasi

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu alipigwa CT-Scan, tukaambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, huenda ni saratani. Akafanyiwa upasuaji, na majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi) yanasema ni fangasi walioingia kwenye mishipa ya damu. Sasa wanataka kinyama kingine puani, eti cha kuotesha. Cha kwanza hakikutosha?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kwenye picha, uvimbe wa saratani na wa fangasi hufanana mno. Wote unaweza kuonekana kama pete yenye ubongo uliovimba pembeni yake.

Aspergilasi, aina mojawapo ya fangasi, huingia kwa pumzi. Wakijikita kwenye uwazi wa mifupa ya uso, wanaweza kupenya mfupa hadi kwenye ubongo, na ndiyo sababu puani panachunguzwa. Wakiufikia mshipa hutoboa ukuta wake, damu inaganda, na sehemu ya ubongo uliyokuwa ukiilisha inakufa. Wapo wagonjwa wanaofika hospitali na dalili za kiharusi.

Nikiweka kioo chenye kinyama kwenye hadubini, mshipa ndio ninaoutafuta kwanza. Kwa rangi za kawaida nyuzi za fangasi hufifia ndani ya nyama iliyokufa. Kwa rangi iitwayo Grocott, yenye madini ya fedha, zinajitokeza nyeusi kwenye uwanja wa kijani, zimeujaza mshipa, nyingine zikichomoza nje ya ukuta. Za Aspergilasi ni nyembamba, zina vikuta ndani, na zinagawanyika kama panda ya manati. Za fangasi wa jamii ya Mukori ni pana kama utepe, vikuta ni vya nadra. Hapo ndipo dawa inapoamuliwa: vorikonazoli hutangulizwa kwa Aspergilasi, lakini Mukori haiwawezi, hao wanahitaji amfoterisini B.

Tatizo ni kwamba fangasi wengine, Fuzariamu na Skedosporiamu, nao wana nyuzi kama za Aspergilasi, na dawa zao hazilingani. Kuwatofautisha kunahitaji kuwaotesha, yaani kuwakuza maabara wakiwa hai, na fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, huwaua. Huniuma sana kupokea kinyama chote kimezamishwa humo. Kwa hiyo muulizeni daktari, kabla ya siku ya kipimo, kama kipande kimoja kitawekwa kwenye salaini (maji ya chumvi ya hospitali) na kupelekwa maabara hapohapo.

Kama kaka alianzishiwa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, mkumbusheni daktari leo, maana hushusha kinga na kupandisha sukari. Msimwachishe wenyewe ghafla. Na sukari yake ipimwe.