Vifaa vya pikipiki vikae wapi kwenye nyumba ya chumba na sebule?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nimepanga chumba na sebule. Kila siku naenda kazini Mtumba kwa pikipiki, na mara mojamoja nakwenda nyumbani Kondoa. Nina helmeti mbili, yangu na ya abiria, jaketi la ngozi, jaketi la kitambaa lenye pedi, glovu, buti, koti la mvua na rifleta. Pikipiki inalala sebuleni kwa kuogopa wezi. Helmeti naziweka juu ya kabati, majaketi kwenye msumari nyuma ya mlango, vingine vyote chini pembeni ya pikipiki. Sasa helmeti inanuka, kioo chake kimejaa mikwaruzo, jaketi la ngozi limetoa madoa meupe, na mke wangu ameweka naftalini kwa ajili ya mende. Nitengeneze kabati au rafu? Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa vumbi. Kabla hujamwita seremala, tuangalie kwanza mahali. Sebule yako ina joto juu na petroli chini, na wewe umegawa vifaa vyako sehemu hizo mbili.

Tuanze na juu. Nyumba nyingi za kupanga mitaa yenu zimeezekwa bati, na nyingine hazina dari. Mchana wa Oktoba na Novemba joto lote hupanda na kukaa palepale juu ya kabati. Joto hilo haliwezi kuyeyusha helmeti, lakini mwezi baada ya mwezi linakausha gundi inayoshika sifongo za ndani, linakakamaza raba inayozunguka kioo, na sifongo zenyewe zinaanza kupukutika. Kama dirisha lako linaelekea magharibi na jua la saa kumi linafika hapo, hali ni mbaya zaidi, maana jua kali linachosha plastiki ya ganda na kufubaza kitambaa.

Chini kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Kabureta ikivuja usiku au mfuniko wa tanki ukiwa umelegea, vya kwanza kukutana na mafuta ni vile ulivyoweka pembeni ya gurudumu. Ndani ya helmeti, nyuma ya kile kitambaa laini, kuna povu gumu jeupe la polistairini, lile linaloshikilia televisheni mpya ndani ya boksi. Hilo povu ndilo linalookoa kichwa: wakati wa ajali linapondeka na kumeza kishindo badala ya fuvu lako. Na petroli inaliyeyusha. Ukitaka kuthibitisha, chukua kipande cha povu la televisheni, toka nacho nje mbali na moto wowote, kidondoshee tone moja la petroli. Utaona shimo linafunguka na kipande kinanywea mbele ya macho yako. Sasa fikiria jambo hilo likitokea ndani ya helmeti, nyuma ya kitambaa, ambako huoni chochote. Nje inang'aa, ndani haina kinga. Ndiyo maana sikubali kabisa helmeti ifutwe kwa petroli au tina ili ing'ae, ingawa naona watu wanafanya hivyo kila siku.

Kwa hiyo ukanda wako wa kuhifadhia ni kati ya kiuno na macho. Chini ya kiuno kuna petroli, vumbi la mlangoni, maji ya kudekia, panya na mchwa. Juu ya macho kuna joto la bati. Katikati hapo, kwenye ukuta usiopigwa na jua na ulio mbali na pikipiki kadiri sebule inavyoruhusu, ndipo vifaa vikae.

Naftalini iondoeni leo, na mama asiudhike, nia yake ilikuwa njema. Mvuke wa naftalini hulainisha polistairini na plastiki nyingine, na helmeti iliyofungiwa nayo kabatini inakaa ndani ya mvuke huo mchana kutwa. Halafu sifongo inayonyonya mvuke ndiyo utakayoivaa ikiwa imegusa pua yako. Kwa mende tumieni dawa ya jeli, mnaipaka kwenye pembe za chini za ukuta. Dawa ya kupuliza isielekezwe kwenye helmeti wala kioo.

Kuhusu kabati au rafu, kwa nyumba yako mimi nachagua stendi ya chuma inayosimama yenyewe. Mwenye nyumba hatalalamika, mchwa hawali chuma, na siku ukihama unaondoka nayo. Mtafute fundi wa kuchomelea, mwambie akutengenezee fremu ya skweapaipu yenye upana wa mita moja, kina cha sentimita 40, na urefu unaofika usawa wa macho yako. Miguu ya nyuma iwe na vipande vinavyoiweka fremu mbali na ukuta kama sentimita tano ili hewa ipite. Juu aweke rafu moja ya kukaa helmeti mbili. Helmeti kubwa ina urefu wa karibu sentimita 35 kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo kina cha 40 kinatosha. Rafu iwe na ukingo mdogo wa mbele, sentimita tatu hivi, helmeti isibiringike mtoto akigusa stendi. Chini ya rafu apitishe bomba la kutundikia majaketi, na chini kabisa, sentimita 20 juu ya sakafu, wavu wa buti. Buti zinavumilia kukaa chini kuliko vifaa vingine.

Milango siitaki. Kabati lenye milango linafungia jasho ndani, na hapo ndipo harufu inapozaliwa. Lakini stendi ya wazi kwa Dodoma ni vumbi tupu, hasa miezi ya Agosti hadi Oktoba upepo unapovuma. Weka pazia la pamba: shuka kuukuu au khanga inatosha. Vumbi linabaki nje, hewa inapita, na kila baada ya wiki mbili unalivua unalifua. Turubai au nailoni usitumie.

Kupanga vitu, fuata mpangilio wa kuvaa. Buti, jaketi, rifleta, helmeti, halafu glovu mwisho, maana ukivaa glovu kwanza huwezi kufunga kamba ya helmeti vizuri, na kamba isiyofungwa ni sawa na kuwa kichwa wazi. Anza upande wa chumbani, malizia upande wa mlango. Ufunguo wa pikipiki utundike kwenye kulabu ya glovu, uwe huwezi kuuchukua bila kushika glovu. Helmeti ya abiria ikae jirani kabisa na yako. Ikikaa chumbani chini ya kitanda, siku ya kumpakia mtu utasema ni karibu tu, mtaenda hivihivi.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kutenga mahali pa kupumzishia na mahali pa kuhifadhia. Ukirudi kutoka Mtumba, vifaa vina jasho na vumbi, visiingie moja kwa moja nyuma ya pazia. Weka stuli au kamba fupi barazani penye kivuli. Kung'uta jaketi nje, pangusa buti, fungua kioo cha helmeti na uigeuze uwazi uelekee upepo. Iache saa moja au mbili, hewa ya Dodoma ni kavu na itakausha haraka kuliko ilivyo Dar es Salaam au Tanga. Kisha ndiyo iingie rafuni. Usitundike helmeti kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki wala kwenye msumari: ncha inabonyeza povu sehemu moja, na povu likishabonyea halirudi. Kama unapenda itundikwe, funga bakuli la plastiki kwenye ubao, kitako kikiangalia nje, uivalishe helmeti hapo. Uzito unasambaa.

Na tafadhali usiweke glovu ndani ya helmeti. Jasho la mikono linahamia kwenye sifongo, na ile velkro ya kifundo inachana kitambaa nyuzi moja moja. Glovu zinaning'inizwa vidole vikiwa chini, mdomo wazi, velkro imefungwa.

Harufu uliyonayo sasa itaondoka ukifua sifongo za ndani. Helmeti nyingi zina sifongo zinazochomoka kwa vifungo. Fua kwa mkono, maji ya kawaida na sabuni laini, suuza mpaka povu la sabuni liishe, anika kivulini. Jiki hapana. Kama hazichomoki, tumia kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, pangusa, rudia na maji safi, geuza helmeti ikauke mpaka kesho yake. Usiianike juani wala usiiweke karibu na jiko.

Mikwaruzo ya kioo hairudi nyuma, hiyo nakuambia wazi. Imetokana na kufuta vumbi kavu, kwa sababu vumbi letu lina mchanga na kila unapolifuta unasugua mchanga kwenye plastiki laini. Nunua kioo kipya cha helmeti yako kama kinapatikana, maana usiku kioo chenye mikwaruzo kinatawanya taa za gari linalokuja na barabara inapotea. Ukishakipata, tabia iwe hii: chukua kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kifunike kioo dakika tano ili uchafu ulainike, kisha telezesha taratibu bila kukandamiza. Maji ya kisima yenye chumvi, yale yanayopatikana mitaa mingi ya hapa mjini, yanaacha alama nyeupe yakikauka, kwa hiyo kausha kioo kwa kitambaa kingine safi. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha iache, nyingi zina amonia inayoharibu plastiki ya kioo cha helmeti.

Madoa meupe kwenye jaketi la ngozi yanaweza kuwa chumvi ya jasho au ukungu, na matunzo yake hayafanani. Pitisha kidole. Chumvi inakwaruza kidogo, haina harufu, inakaa zaidi mgongoni, kwapani na shingoni, na ukipangusa kwa kitambaa chenye maji inayeyuka. Ukungu ni laini kama unga, unanuka uvundo, unafutika kisha baada ya siku chache unarudi. Kwa kiangazi chetu nadhani ni chumvi. Ukungu ni wa Januari hadi Machi, pale mtu anaponyeshewa na kulikunja jaketi bichi. Chumvi ifute kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke kivulini, halafu paka krimu ya ngozi kidogo tu, sugua mpaka isishike vidole. Hewa kavu ya huku inanyonya mafuta ya ngozi, kwa hiyo rudia kila baada ya miezi mitatu ya kiangazi, la sivyo ngozi itapasuka kwenye viwiko. Mafuta ya kupikia usipake: yanachacha, yananuka, na yanawaita panya. Ukungu ufanyie kazi nje ya nyumba, kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha uone kama rangi inatoka.

Henga ya waya haifai kwa jaketi lolote la pikipiki. Jaketi la ngozi lenye pedi ni zito, waya unachimba mabega na pedi zinahama mahali pake. Chukua henga nene ya mbao, au izungushie waya taulo kuukuu mpaka ipate unene wa bega la mtu. Zipu fungua nusu.

Vilivyobaki ni vyepesi. Koti la mvua likauke kabisa, kisha livingirishe badala ya kulikunja, mishono yake isipasuke. Kati ya Desemba na Aprili likae kwenye pikipiki, lisirudi rafuni. Rifleta fua kwa mkono, usikunje kwenye ile mistari inayong'aa, na vumbi likiishika ipanguse, maana rifleta yenye vumbi haiurudishi mwanga. Buti zikilowa zijaze magazeti, yabadilishe kesho yake.

Hukuuliza, lakini siwezi kuacha. Pikipiki ikilala ndani, funga koki ya mafuta kila usiku, acha dirisha wazi kidogo, na jiko la mkaa, la gesi au mshumaa visiwashwe sebuleni humo. Ukiona unyevu chini ya kabureta au harufu ya petroli ikikupokea asubuhi, pikipiki ilale nje na mnyororo mpaka fundi airekebishe.

Mwisho, kagua umri wa hizo helmeti. Ndani, chini ya sifongo au kwenye kamba, mara nyingi kuna lebo ya tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha baada ya miaka 5 ya matumizi, na mapema zaidi ikiwa imepata ajali ikiwa kichwani. Chomoa sifongo uangalie lile povu jeupe kwenye mwanga: likiwa na ufa, bonde, au sehemu inayong'aa kama imeyeyuka, helmeti hiyo imekwisha. Usiishushe daraja kuwa ya abiria, na usimpe kijana wa jirani. Kata kamba zake kwa kisu kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuivaa.