Mwambie mgeni, umwambie na jirani

Asalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza sie tunaokodisha vyumba kwa wageni wa siku chache tufanye nini mgeni akituambia chumbani mna kunguni, na mie mana nakodisha vyumba vya juu nyumbani kwetu hapa Mji Mkongwe na jambo hili lilishanifika, nimeona nijibu kwa urefu kidogo.

Jibu langu ni kwamba usifanye siri. Siku hio hio ukweli utoke, kwa mgeni mwenyewe, kwa mgeni anokuja baada yake, kwa dada anofua mashuka na kwa jirani mliopakana ukuta. Dawa ije baada ya hapo. Nasema hivi kwa sababu wengi niloona kunguni wamewashinda hapa mjini walikuwa na pesa ya dawa, kilowashinda ni aibu. Mtu anagundua usiku, anabeba godoro kimya kimya analipeleka chumba cha pili ili mgeni asijue, anatuma kijana dukani akamletee kopo la dawa ya kupuliza, anapuliza juu juu, asubuhi anatandika shuka mpya anapokea mgeni mwengine. Sasa hapo kafanya nini? Kunguni alokuwa chumba kimoja kamtia vyumba viwili, na wale waloguswa na ile dawa bila ya kufa wamekimbilia kwenye nyufa na soketi za umeme, na mgeni wa pili anaondoka nao ndani ya begi.

Na hapa kwetu hilo la begi ni kubwa kuliko watu wanavodhani. Mgeni wa Zanzibar halali pahala pamoja, analala siku mbili tatu mjini, halafu Nungwi au Kendwa, halafu Paje au Jambiani, wengine wanavuka mpaka Pemba. Kwahio kitanda changu na kitanda cha mtu wa Jambiani ambae sijapata kumuona maishani vimeunganika. Nikificha mie anaumia yeye, akificha yeye narudishiwa mie.

Aibu yenyewe haina msingi. Tumelelewa tukiamini kunguni ni uchafu na umasikini, mtu akisikia nyumba ya fulani ina kunguni anashika mdomo. Lakini kunguni hali taka, anakula damu, anachotaka ni mtu alolala na ufa wa kujificha karibu yake. Chumba kinaweza kupigwa deki mara mbili kwa siku na akakaa raha mustarehe. Hajui kuruka wala hana mbawa za kurukia, anabebwa tu, kwenye sanduku, kwenye mkoba, kwenye kitanda au kochi ulonunua mtumba. Mwaka 2023 mji wa Paris wenyewe ulihangaika nao mpaka serikali ya Ufaransa ikaitisha vikao, na hoteli za nyota nyingi duniani zinawajua vizuri. Na haijathibitishwa kwamba anaambukiza watu maradhi kama anavofanya mbu, tabu yake ni muwasho, kukosa usingizi, na mtu kujikuna mpaka akajitia vidonda. Si jambo dogo hilo, naomba nisieleweke vibaya, mtu kalipa pesa yake kuja kupumzika halafu halali usiku kucha.

Sasa mgeni akikutumia picha ya mkono una mapele. Usimjibu "ni mbu hao", hata kama unaamini ni mbu. Mwambie ahsante kwa kunijulisha, nakuja sasa hivi, chukua tochi panda juu mkatazame pamoja yeye akiwepo. Alama za kung'atwa peke yake hazitoshi kumuhukumu mtu, kwa sababu mwili wa kila mtu una mambo yake, wengine wanavimba usiku ule ule, wengine alama zinachelewa hata wiki mbili, na wengine hawatoki kitu kabisa. Kwahio mgeni alofika jana na leo ana mapele anaweza kuwa kaumwa kwako na anaweza kuwa kaumwa alikotoka, na pengine ni usubi wa pwani. Kubishana juu ya mapele hakuna faida, ushahidi uko kitandani. Funua shuka, tazama mshono wa godoro kwa utaratibu khasa pembeni za upande wa kichwani, utaona vidoa vyeusi ambavo ukivipangusa kwa kitambaa cha maji vinachora rangi ya kutu, utaona magamba matupu ya rangi ya kahawia, na mayai meupe madogo ya kiasi cha milimita moja yamegandishwa kwenye ufa. Kunguni mkubwa ana milimita tano hivi, anaonekana kwa macho vizuri tu. Halafu usiishie kwenye godoro! Geuza chaga, tazama tundu za misumari, nyuma ya ubao wa kichwani, nyuma ya picha ukutani, mapindo ya pazia na mapindo ya chandarua pale juu kinapofungwa.

Mkiwaona, mpe mgeni uamuzi wake. Mie nlimwambia mgeni wangu hivi, dada, chumba hiki nakifunga leo, usiku wa jana sikuhesabii, nna chumba chengine chini nshakitazama kiko salama na ukitaka kwenda kwengine nakurudishia pesa zilobaki, na nguo zako zote nazifulia kwa maji ya moto kwa gharama yangu. Alikaa. Begi lake lilikaa uani juani ndani ya mfuko wa plastiki ulofungwa mpaka nguo zilipokuwa tayari. Baadae aliandika maoni yake mtandaoni na kunguni akawataja, na akaeleza pia tulivofanya, na mie sikumuomba afute. Wenzangu wengine walinilaumu eti nimejiharibia, mie naona mgeni anosoma yale anajua nyumba hii mwenyewe yupo na anasema kweli. Kitu kimoja tu, usimtuhumu mgeni kwamba yeye ndie alowaleta. Hutoweza kuthibitisha, na hata ungeweza, kunguni ataondoka kwa maneno hayo?

Tuje kwenye kuwatoa, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bure. Dawa nyingi za makopo za madukani ni za jamii moja, pairethroidi, ni ndugu wa zile zinazotiwa kwenye vyandarua, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Si habari ya Ulaya tu hii, kuna utafiti ulotoka 2002 ulofanywa Tanzania bara, kwenye vijiji ambavo watu walilalia vyandarua vya dawa kwa miaka, na kunguni wa kule wakakutwa ni sugu. Halafu dawa nyingi haziui mayai. Jike linataga mayai mamia katika umri wake, na kwa joto letu hili yanaanguliwa kwa wiki moja au siku kumi hivi. Kwahio unapuliza leo, unaona wamekufa, unashukuru Mungu, na wiki ya pili wanakuja watoto wao. Ndio mana mtu wa kupuliza dawa akikwambia naja mara moja tu nakumalizia, huyo muache. Muulize atarudi lini, muulize anatumia dawa gani na kama imesajiliwa kutumika ndani ya nyumba, muulize mayai anayafanyaje. Anojua kazi atakwambia narudi baada ya wiki mbili hivi, na atakutaka kwanza utayarishe chumba. Na tafadhali sana msitumie dawa za shambani vyumbani wanamolala watu, watu wamedhurika kwa mambo hayo, wala msipake mafuta ya taa kwenye mbao za vitanda, harufu haitoki na moto ukishika kwenye vichochoro vyetu hivi nani atauzima.

Kinachowaua kweli mkubwa na yai lake ni joto kali. Nguo, mashuka, foronya na mapazia yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au yatiwe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali nusu saa nzima, na kabla ya hapo zitiwe mfuko ukafungwa kule kule chumbani, usizibebe mkononi ukapita nazo ukumbini. Kuanika juani tu hakutoshi, najua sote tumezoea kutoa magodoro nje, lakini jua letu la nyuzi 30 na kitu linapasha juu na ndani ya godoro kunabaki poa, na kunguni si mjinga, anahamia upande wa kivulini. Wazee wetu walikuwa wanatoa kitanda uani wanakimwagia maji yanayochemka kila pembe na kila kiungo, na hilo nalisifu kabisa kwani lina akili, maji yanayochemka yanaua mayai pale pale yanapofika. Kitanda changu cha besera, kile cha nguzo nne na nakshi, tulikifungua chote kipande kipande na fundi seremala, mana ndani ya nakshi zile na kwenye maungio ya nguzo ndiko walikokuwa wamejazana kuliko kwenye godoro. Palipokuwa na rangi na vioo hatukumwaga maji, tulitumia mashine ya mvuke na brashi ngumu, taratibu sana, mana ukipitisha haraka mvuke haufiki joto la kuua. Godoro ambalo halijachanika nlilivalisha kava la zipu linalofunga pande zote, hilo anokuwemo ndani hatoki tena na kava halivuliwi mpaka mwaka upite, mana kunguni anaweza kukaa miezi bila ya kula. Kwa hilo hilo, kufunga chumba tu ukawasubiri wafe kwa njaa usijisumbue.

Nyumba za Mji Mkongwe zina shida zake. Kuta za mawe na chokaa zina nyufa, juu kuna boriti na kila boriti inapoingia ukutani pana tundu. Hizo nyufa zizibwe, lakini zizibwe kwa chokaa na mchanga, msitie saruji, saruji kwenye kuta hizi inafungia unyevu ndani na baada ya muda plasta inabanduka, unarudi kwenye ufa mkubwa zaidi ya ule wa mwanzo. Watu wa hifadhi wanatwambia hivo kila siku kwa ajili ya kuulinda mji, na kwa kunguni ni vivo hivo.

Na ukuta huo ndio ulonipeleka kwa jirani. Nlikwenda jioni baada ya magharibi, nikamwambia Bibi shkamoo, nimekuja na habari isopendeza, kule kwangu juu nimepata kunguni na chumba kinapakana na cha wajukuu zako. Alinyamaza, halafu akaniambia, "Mwanangu, mie nao tokea kabla ya Ramadhani, nlikuwa naona haya kukwambia, nikasema wewe una wageni wako wazungu nikisema utaona nakuharibia." Watoto wale walikuwa wanajikuna usiku wanakwenda skuli na usingizi, na sie ukuta mmoja tu, kila mtu na aibu yake. Iliniuma sana. Tulifanya nyumba mbili siku moja, mtu wa dawa akaja mara mbili kwetu sote, gharama ya kwake nikaibeba mie kwa sababu ingekuwa upuuzi kupulizia kwangu nikawaacha wanaorudi kupitia ukutani, na kwa sababu yeye hana wageni wa kumlipa. Kama una jirani wa hivo usingoje akuombe.

Kuhusu kufungua chumba tena, funga kalenda mtandaoni mpaka duru ya pili ya dawa ipite na bado upige ukaguzi baada yake. Nlibahatika ilikuwa masika, wageni wachache, lakini hata ingekuwa Agosti ningefunga. Miguu ya kitanda iwekee vibakuli vyenye kuta laini, kitanda kisiguse ukuta wala chandarua kisiburure chini, na ndani ya vibakuli pakaza poda, kwani kunguni wa nchi za joto anapanda pahala laini vizuri kuliko yule wa nchi za baridi na bila poda anatoka. Ukitazama vibakuli kila unapobadilisha mashuka utajua mapema. Dada anosaidia usafi kwangu nlimfundisha alama zote na nlimwambia akiona kitu chochote aniambie hata nikiwa na wageni mezani, na kwamba hatogombezwa. Hilo la kutogombezwa wenye nyumba wengi wanalisahau, mfanyakazi anaona kunguni anaogopa kuambiwa yeye ndie mchafu, ananyamaza.

Mgeni akiondoka kwangu katika hali hio, namuomba ruhusa nimwandikie mwenyeji wake anokofuata, kwamba begi lisiwekwe kitandani na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Mmoja wa Bwejuu alinijibu kwa hasira, mwengine wa Nungwi alinishukuru na siku moja na yeye akaniandikia mie kabla mgeni hajafika, nikamuwekea mgeni begi lake uani, nikamfulia, na chumbani hatukukuta kitu. Nyie mnaokodisha huko mashamba na Pemba, anzeni kutumiana ujumbe kama huo, na wageni wenu mkiwaleta mjini na hali hio nitumieni na mie.

Msomaji wenu, Mji Mkongwe, Unguja