Makatibu Wakuu, si "makatibu makuu"

Swali: Ofisini tunaandaa kadi za mwaliko. Rasimu imeandikwa "Makatibu Makuu Kiongozi wastaafu". Naona kuna kasoro ila nashindwa kuieleza. Na kwa nini Wakenya walikuwa wakisema "Katibu wa Kudumu"?

Jibu: Kasoro ni mbili. Andikeni Makatibu Wakuu Viongozi wastaafu. Katibu huchukua ma- katika wingi, lakini katibu ni mtu, na kivumishi chake hufuata upatanisho wa watu. Twasema mabalozi wapya, hatusemi mabalozi mapya. "Makuu" tuyaachie mambo na maamuzi. Kiongozi nalo ni nomino, basi liingie katika wingi pamoja na wenzake.

Tena neno hilo si pambo, msilidondoshe kamwe. Tanzania, kila wizara ina Katibu Mkuu wake. Kiongozi ni mmoja tu, naye Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 inamfanya mkuu wa utumishi wa umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri. (Zanzibar, mwenye cheo hicho ndiye pia Katibu wa Baraza la Mapinduzi.) Kumbukeni Februari 2021: baada ya kifo cha Balozi John Kijazi, Dkt. Bashiru Ally, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM, aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Ondoa "Kiongozi" katika habari ile, msomaji atadhani bado yuko chamani.

"Katibu wa Kudumu" ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza, Permanent Secretary. Uingereza waziri huja na serikali yake na kuondoka nayo. Katibu hubaki na majalada yake, amsubiri waziri ajaye. Kudumu huko ni kwa kiti kisichofuata uchaguzi. Kwa Kiswahili, hata hivyo, jina hilo hunifikirisha mtu asiyeweza kuondolewa, nami napenda zaidi "mkuu", linalotaja daraja bila kuahidi umri wa kazi. Katiba ya Kenya ya 2010 ililiondoa lile neno la Kiingereza lenye maana ya kudumu, na leo vyombo vya habari vya huko husema Katibu wa Wizara au Katibu Mkuu. Lakini anayeandika habari za Nairobi ya miaka ya 1980 aache "Katibu wa Kudumu" kama kilivyokuwa; ndicho cheo alichoitwa mtu huyo akiwa kazini.