Tumbo linakata, vipimo safi

*Shikamoo daktari. Nasoma chuo hapa Dodoma. Mtihani ukikaribia tumbo linanikata, naharisha, nikishatoka chooni napata nafuu. Nimepima choo na damu, vyote safi. Nimeambiwa ni mawazo tu. Kwani najifanya?*

Marahaba, mwanangu. Hujifanyi. Kama maumivu hayo yanakupata walau siku moja kwa wiki, na yamedumu miezi, yanafanana na hali tunayoiita IBS, yaani utumbo unasumbua ingawa vipimo havionyeshi ugonjwa. Utumbo una neva zake, mamilioni kwa mamilioni, na zinaongea na ubongo usiku na mchana. Ukiwa na hofu, utumbo unasukuma haraka. Tena neva za mwenye IBS ni nyepesi kuhisi: gesi ambayo mwenzako haisikii, kwako ni kisu. Baadaye unaanza kuliogopa tumbo lenyewe, hupandi daladala kabla hujajua choo kiko wapi, na hofu hiyo inaliamsha upya. Jibu la "ni mawazo tu" linaniudhi, maana mgonjwa anarudi nyumbani na maumivu yaleyale, kaongezewa aibu.

*Mimi ni mama wa Kongwa. Maumivu kama hayo kwangu yalianza baada ya kuharisha vibaya masika. Nimemeza dawa za amiba mara nne.*

Hutokea, mama. Vijidudu vinaisha, utumbo unabaki umechokozeka, hasa kwa aliyeugua akiwa na msongo mkubwa. Dozi ya tano usiinunue bila kupima choo.

*Nimeandikiwa amitriptilini na kupewa rufaa kwa mwanasaikolojia wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Mume wangu anasema mtaa utasema nimerukwa na akili.*

Dada yangu, nenda, na ikiwezekana nenda naye. Dawa hiyo kwa IBS hutolewa kwa kiwango kidogo kuliko cha sonona. Kazi yake ni kutuliza neva za tumbo. Ukiona kinywa kikavu au usingizi mwingi, mwambie daktari, usiiache kimyakimya. Mwanasaikolojia atakufundisha kulitambua wazo linalowasha tumbo na kulijibu mapema. Tiba hii imepimwa kwa wagonjwa wa IBS na inasaidia. Nimechoka kuona watu wanateseka miaka kwa kuogopa jina la hospitali.

*Niache maharage?*

Yapunguze wiki mbili uone. Usiache kila kitu kwa mpigo.

*Baba ana miaka 58. Tangu mwezi uliopita anaharisha, na amekonda. Ni mawazo ya kustaafu?*

Hapana, hapo msiseme mawazo. Kukonda, damu kwenye choo, upungufu wa damu, au tumbo kuanza kusumbua umri ukiwa umekwenda namna hiyo, ni vya kuchunguzwa kwanza. Mpelekeni hospitali wiki hii, mwombe achunguzwe utumbo mpana kwa kamera.