Kwa Walezi Wapya wa Kambi: Filimbi Haina Utani

Katika kambi ya likizo ya Juni, kule Kigamboni, mlezi mmoja mpya alipuliza filimbi tatu ndefu saa nane mchana. Watoto waliacha kila walichokuwa wakikifanya, wakakimbilia chini ya mwembe wa mkusanyiko, na walipofika wakihema akawaambia kwamba alitaka tu kuona nani mwenye mbio. Watoto walicheka hadi wakagaagaa mchangani, na walezi wenzake wapya wakacheka nao. Mimi nilimwomba ile filimbi, nikaitia mfukoni, na najua kwamba jioni ile baadhi yenu mlisema nimezeeka vibaya. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kabla hatujakutana kugawana makundi ya Desemba, naomba mnisikilize, kwa kuwa kosa lile nimelifanya kabla yenu na nimelifanya vizuri zaidi.

1. Mchunguze mcheshi wakati watoto hawamtazami.

Kila kambi ina Anko au Anti mmoja ambaye watoto hugombania kukaa naye mezani. Kwetu ni Anti wa bweni la wadogo, yule anayeigiza kondakta wa daladala ya Mbagala mpaka mpishi anaacha mwiko kwenye sufuria. Wapya humwandama kutwa nzima wakinakili nyimbo zake za mchakamchaka na sauti zake za kuchekesha, lakini sijaona hata mmoja akijiuliza kwa nini saa kumi na moja alfajiri huwa tayari yumo bwenini na tochi iliyofunikwa kwa kiganja. Hupita kitanda hadi kitanda, akigusa ukingo wa kila godoro kwa mgongo wa mkono. Akikuta lililolowa hasemi neno. Wakati wa uji hutangaza kwa mbwembwe kwamba leo ni sherehe ya magodoro, na bweni zima hubeba magodoro kichwani kwenda kuyaanika juani, kwa wimbo na mashindano. Nilifanya naye kazi misimu miwili kabla sijang'amua kwamba sherehe ile haikuwa na siku maalumu kwenye ratiba. Sijawahi kumsikia mtoto wa bweni lake akitaniwa kwa kukojoa kitandani.

Kwa hiyo ukitaka kumfahamu mlezi wa namna hiyo, usimwombe akufundishe vichekesho vyake. Mwombe akuamshe anapoamka.

2. Hesabu majina, usihesabu vichwa.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Katika msimu wangu wa pili mimi ndiye niliyekuwa Anko wa kugombaniwa. Nilikuwa na watoto 24 na kopo moja la maziwa lililobonyea, na kila jioni tulicheza kombolela. Nilikuwa na hila nyingi. Nikishindwa kuwapata waliojificha, nilipaza sauti kwamba mchezo umekwisha na chakula kiko tayari, na aliyejitokeza nilimkamata papo hapo, wenzake wakaangua kicheko. Mara nyingine nilianzisha wimbo kana kwamba tunaondoka. Hila hizo zilinipa sifa kambi nzima, nami nilizifurahia sifa hizo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri wakati ule.

Siku ya nne kengele ya chakula ililia kweli tukiwa katikati ya mchezo. Nilitangaza kwamba mchezo umekwisha, nikaliokota kopo, nikapanga mstari na kuhesabu: 24. Nikatia saini daftari la zamu. Nisichokiona ni kwamba mmoja wa wale 24 hakuwa wangu. Alikuwa mtoto wa kundi la jirani aliyekuwa akiniganda kila jioni, na mlezi wake, alipokosa mmoja kwenye mstari wake, alinyosha shingo, akamwona kwangu, akaridhika kwamba yuko kwa Anko. Idadi ilitimia kote kuwili. Kupendwa kwangu ndiko kulikoziba pengo.

Aliyebaki alikuwa mvulana wa miaka 9, mpole, ambaye kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa wa mwisho kutopatikana. Mnajua maana yake katika kombolela: angeweza kuchomoka, akapiga kopo teke na kuwakomboa wenzake wote. Alijibanza stoo, nyuma ya madawati mabovu yaliyopandanishwa, akangoja. Giza la kwetu halibishi hodi. Saa moja ilipofika palikuwa usiku. Sisi tulikula, tukawasha moto, nami nikashika ngoma. Saa mbili kasorobo mama wa jikoni alikwenda stoo kuchukua mkaa, akamulika tochi na kuona miguu miwili midogo iliyojaa alama za mbu.

Nilimuuliza kwa nini hakutoka aliposikia nikisema mchezo umekwisha. Alinijibu bila kulia, "Si huwa unadanganya, Anko?" Nikamuuliza kama hakutusikia tukiimba. Alisema alitusikia, akadhani ni ile mbinu yangu ya kumtoa.

Kiongozi wa kambi hakunifokea. Alinipa simu ya ofisini na kuniambia nimpigie mama wa mtoto mimi mwenyewe, usiku ule ule, nimweleze bila kupunguza kitu. Nilieleza. Mama alinyamaza kwa muda ambao nilisikia feni ya ofisi ikizunguka, kisha akauliza jambo moja tu: "Amekula?" Nami sikujua. Nilikuwa nimeshughulika na kujitetea moyoni kiasi kwamba sikuwa nimeuliza; ikabidi nimwombe asubiri huku nikikimbia jikoni, ambako mtoto alikuwa ameketi juu ya kigoda akila wali, mama wa jikoni akimpaka mafuta miguuni. Siku zilizobaki mtoto yule aliniamkia kila asubuhi kwa adabu zote, na hakucheza tena mchezo wowote niliouongoza.

Tangu hapo nina maneno matatu ambayo siyatanii kamwe: mchezo umekwisha, njooni hapa, na tokeni majini. Filimbi tatu ndefu ni ya nne. Mengine yote, igizeni mpaka mchoke.

3. Madogo madogo.

Saa za maji kujaa na kupwa husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, basi ratiba ya kuogelea ya Jumatatu isinakiliwe kwa Alhamisi. Pampu ya mtoto mwenye pumu hukaa mfukoni mwa mlezi wake. Ikifungiwa ofisini haina kazi. Mkienda Mbudya kwa boti, majaketi ya kuokolea huvaliwa kabla ya kupanda. Kwenye kivuko cha Magogoni majina husomwa kabla ya kuingia na husomwa tena baada ya kushuka, hata kama abiria wanawasonya. Vyandarua vishushwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usitanie mwili, kabila wala dini ya mtoto, hata kama mwenyewe ndiye aliyeanza.

4. Mtoto anayekuganda ana mlezi wake.

Yule wa kundi la jirani sikumrudia mpaka kambi ilipokaribia kwisha, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa akinifuata kwa sababu wakubwa wa kundi lake walikuwa wakimnyang'anya maandazi yake. Mimi nilidhani ananipenda. Mtoto wa kundi lingine akikuganda siku mbili mfululizo, mrudishe kwa mlezi wake ukiwa umemshika mkono, kisha ketini watatu mzungumze.

Filimbi ya Juni bado iko kwenye droo yangu. Mwenyewe aje na daftari lenye majina ya kundi lake siku ya kugawana makundi, atanisomea yote 20 bila kuchungulia, nami nitamrudishia.