Maswali na majibu: Dhalimu ameuawa, na nani mwengine?

Tangu tuanze kuzungumza hapa juu ya uasi katika riwaya za fantasia, maswali yamekuja kwa wingi, mengine yakirudia yale niliyokwisha kuyajibu. Leo nimechagua haya.

*Katika riwaya yangu mfalme huchukua watoto wa raia kwa nguvu wakafanye kazi migodini. Shujaa anamuua. Wenzangu wanasema nahubiri vita. Je, shujaa wangu ana haki? Kijana, Langoni, Lamu*

Ana haki, mwanangu. Mfalme anayewapokonya watu watoto wao amekwisha kuuvunja ufalme wake kwa mkono wake. Andika bila woga.

Lakini haki hiyo haipatikani kwa kumpa mfalme sura mbaya na kicheko kirefu. Tuonyeshe milango iliyobishwa kabla ya upanga kutoka alani. Shaaban Robert alilifanya hilo katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani, kwa hiyo hakuna atakayesema si fantasia. Wajumbe sita wanatumwa: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja anatupwa gerezani. Karama, anayeshitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, anasimama barazani na kuwataja wote, mmoja baada ya mwengine, mpaka wanafunguliwa.

Wapo wanaosema Shaaban aliogopa kumpa Karama silaha. Mimi simo. Aliandika chini ya utawala wa Mwingereza, na kitabu kizima ni hesabu ya milango iliyofungwa. Wewe mfalme wako hasikii kabisa. Sawa, basi tumwone asivyosikia. Mlete mzee aliyekwenda kasri na malalamiko asirudi. Mlete mama aliyelala langoni siku tatu akiulizia mwanawe. Baada ya hapo shujaa akishika upanga sitamzuia.

Nitakuuliza jambo moja tu. Usiku huo wa upanga, mtunza farasi yuko wapi? Na yule askari wa zamu aliyejiandikisha kwa sababu ya njaa? Vijana huniletea miswada ambayo shujaa anawafyeka walinzi ishirini katika ukurasa mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye jina wala mwenye mama. Hapo ndipo ninapokasirika. Nimelisema mara nyingi na sitaacha kulisema: anayeandika uasi bila kuwazika waliokufa hajaandika uasi, ameandika mchezo wa watoto.

*Naomba PDF ya Kusadikika. Msomaji, Maweni, Malindi*

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Nunua kitabu au kaazime maktaba.

*Kwani Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu, aliishi kweli? Wasomaji kadhaa*

Tena? Usomeni kwanza utenzi wenyewe, halafu tubishane juu ya karne.

*Mbona unatafuta mifano mbali, na sisi tuna Liyongo aliyeasi utawala wa Pate? Mkomani, Lamu*

Ndugu yangu, Liyongo ni wetu, lakini hakuasi hivyo unavyodhani. Soma alivyomwandika Muhamadi Kijumwa, mtu wa hapahapa Lamu, mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamwogopa kwa nguvu zake, anapanga auawe chini ya mkoma, na Liyongo anaziangusha koma kwa mshale bila kuupanda mti. Anafungwa. Mama yake anatengeneza mkate wa wishwa, yaani pumba, na kuficha tupa ndani yake. Saada, mjakazi, anaupeleka pamoja na chakula kizuri. Walinzi wanakula kizuri na kumwachia mfungwa wishwa. Nje ngoma ya gungu inapigwa kwa kelele, na ndani yeye anakereza pingu.

Mtu mwenye nguvu zile angeweza kukusanya jeshi aiangushe Pate. Hakufanya hivyo, alikwenda zake mwituni. Utawala ndio uliomfuata, ukamnunua mwanawe wa kumzaa kwa ahadi ya cheo na mke, na mtoto akamchoma babake kitovuni amelala. Ukitaka kujua udhalimu unavyofanya kazi, anzia hapo: unaingia nyumbani na kumgeuza mtoto.

Kisha usikipite kisima. Liyongo, akiwa na jeraha, alipiga goti kisimani na upinde mkononi, akafa hivyo hivyo. Watu hawakujua kama amekufa, hawakuthubutu kusogea, na mji ukakosa maji. Wale wenye ndoo hawakula njama na mtu, lakini kiu iliwapata wao kwanza. Mtunzi hakuwasahau. Basi na nyinyi mnaoandika leo msiwasahau.

*Ninaandika fantasia juu ya Mekatilili wa Menza. Ndani yake ana dawa inayozigeuza risasi za Waingereza kuwa mvua. Kuna ubaya? Barani, Malindi*

Upo, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu nakuheshimu.

Mwaka 1913 Mekatilili aliwaapisha Wagiriama wasilipe kodi ya nyumba wala wasitoe vijana wao kwa kazi za Mzungu. Inasimuliwa kwamba alikwenda mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa ajaribu kuchukua kimoja. Ofisa akapeleka mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema ndivyo itakavyokuwa mkiwagusa watoto wetu. Walimkamata wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti na vijiji vikachomwa. Ukiwa na kuku yule, dawa ya nini?

Halafu kumbuka Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Vita vya Maji Maji viliendelea mpaka 1907, Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na wengi zaidi wakafa kwa njaa kuliko kwa bunduki. Walikuwa na haki ya kupigana; hilo silipingi hata kidogo. Ila wewe unayegeuza risasi kuwa mvua kwa kalamu unawachukulia wale watu kifo chao. Uchawi uache ukipenda, lakini uwe na gharama: kila risasi inayogeuka mvua, mtu wa nyumba ya Mekatilili asahau jina lake, au mto Sabaki upungue. Na wanawake waliokula kiapo usiwafanye wapiga vigelegele. Walikuwa nguzo ya jambo lile.

*Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell, halitufundishi kwamba waasi wote huishia kuwa kama waliowapindua? Mwanafunzi, Malindi*

Hapana. Wanyama waliasi kwa sababu bwana Jones alisahau kuwalisha, na hapo hawakukosea. Tazama maziwa: mara tu baada ya ushindi yalitoweka na hakuna aliyeuliza kwa ukali yamekwenda wapi. Kosa lilianzia hapo. Walimu wanaokwambia kitabu kinakataza uasi wanakifupisha kwa manufaa ya wakubwa.

*Mwanangu ana miaka kumi na mitano. Hatoki kwenye riwaya za waasi na mapanga. Nimpokonye? Mama, Shela, Lamu*

Usimpokonye, Bi. Kitabu ukikipokonya atakisoma kwa mwenziwe, na wewe utakuwa umejitoa kwenye mazungumzo. Mwambie akusimulie baada ya isha. Muulize aliyekufa ni nani, alikuwa na watoto, nani aliwaambia habari. Akishindwa kujibu, kasoro iko kitabuni, na ataiona mwenyewe.

Lakini sisi wa Lamu hatuwezi kuishia hapo. Juni 2014, Mpeketoni, wanaume walitolewa majumbani wakauawa mbele ya wake na watoto wao. Waliokufa walipita 60. Waliofanya vile nao walijiita wapiganaji wa haki. Hakuna mlango waliobisha, na waliouawa hawakuwa watawala wa mtu. Mweleze mwanao hivyo, kwa maneno hayo hayo. Ana umri wa kuyasikia. Na akitokea mtu, awe wa msikitini, wa simu au wa kijiweni, akamwambia kwamba yeye ndiye yule shujaa wa riwaya na kuna msitu unamngoja, usingoje hata kesho. Nenda kwa imamu na wazee wa mtaa usiku huohuo, na mtoto alale chumbani kwako.